Picha ya ubongo na ndoo ya maji



Mzazi mmoja wa hapa Dodoma ametuandikia juu ya mwanawe wa kiume mwenye umri wa miaka 13. Kwa maelezo ya mama huyo, kijana amekuwa mkali kwa muda sasa. Hupigana shuleni na madrasa, huchukua vitu visivyo vyake, na akiulizwa huinamisha kichwa asijibu. Mashemeji wa mama wamemshauri ampeleke mtoto akapigwe picha ya ubongo, kwani wamesikia kuwa siku hizi picha hiyo huonesha mapema kama mtu atakuwa mwizi, muuaji au mtu wa maana. Mama anauliza mambo mawili. Je, habari hiyo ni kweli? Na je, kufanya hivyo si sawa na kwenda kwa mpiga ramli?

Tuanze na la pili, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Daktari anayempima mgonjwa hutazama kilichopo mwilini wakati huo; hadai kujua ghaibu, na kutafuta tiba ni jambo tulilohimizwa. Lakini mtu atakayeishika picha ile, mwenye koti jeupe au asiye nalo, akasema kwamba mtoto huyu baada ya miaka kumi ataiba, huyo ameuacha udaktari na kuingia katika kazi nyingine ambayo wasomaji wetu wanaijua kwa jina. Mwenye kutaka hukumu kamili ya jambo hilo awaulize masheikh.

Swali la kwanza ndilo refu. Pale Hospitali ya Benjamin Mkapa, katika eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, ipo mashine ya MRI na ipo ya CT. Picha anayopigwa mgonjwa katika mashine hizo huonesha umbo la ubongo: uvimbe, damu iliyovuja, maji yaliyojaa kichwani, jeraha la ajali, au kovu linaloweza kuleta kifafa. Hiyo ni neema kubwa, na wengi wamepona kwa sababu yake. Ila si hiyo inayozungumzwa na wale wanaotaka kubashiri mwenendo wa mtu. Wao hutumia aina ya pili, iliyoenea zaidi katika utafiti. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake, wakiwa Marekani, walionesha kwamba damu yenye oksijeni na damu iliyokwisha kuitoa oksijeni yake haziitikii sumaku kwa namna moja. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi huletewa damu zaidi. Mashine huikamata tofauti hiyo, na kompyuta huipaka rangi. Zile nyekundu na manjano tunazoziona magazetini, basi, ni hesabu ya mwendo wa damu iliyorudiwa mara nyingi na kuchukuliwa wastani, kisha mtafiti akaamua rangi ianzie wapi. Hakuna wazo lililopigwa picha.

Hesabu hiyo ina hila zake. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake, watafiti wa Marekani, walimweka samaki aina ya samoni, aliyekwisha kufa, ndani ya mashine hiyo. Walimwonesha picha za wanadamu wakiwa katika hali za kijamii zenye hisia mbalimbali, kisha wakapiga hesabu bila ya kuchukua tahadhari inayotakiwa pale mtu anapopima maelfu ya vijisehemu kwa wakati mmoja. Ubongo wa samaki yule ukatoa alama za kufanya kazi. Walifanya hivyo makusudi, ili kuwazindua wenzao, na wengi walizinduka.

Tusiwadhulumu wanasayansi hawa, hata hivyo, kwa kuwasimulia habari ya samaki tu. Zipo kazi nzuri. Mwaka 2010 Emily Falk na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwalaza watu 20 katika mashine na kuwaonesha maelezo yenye kuwahimiza kujipaka mafuta ya kukinga ngozi na jua. Waliwauliza nia zao, wakawaacha waende. Baada ya wiki moja waliwauliza wamejipaka siku ngapi. Ikaonekana kwamba mwendo wa damu katika sehemu ya katikati ya ubongo wa mbele, wakati watu wale wakisikiliza, ulibashiri walichokuja kukifanya kuliko ilivyobashiri nia waliyoitamka. Miaka miwili baadaye kundi hilo hilo lilichapisha utafiti juu ya wavutaji wa sigara na matangazo ya kuacha kuvuta. Bongo za wachache wale zilipanga ubora wa matangazo sawasawa na idadi ya simu zilizopigwa baadaye na umma kuomba msaada, ilhali wavutaji wenyewe, walipoulizwa kwa mdomo, walipanga vingine.

Hilo si jambo la kupuuza. Mtu kutenda kinyume na alichosema atatenda ni habari ya kale. Kuona dalili yake kabla ya tendo ni habari mpya. Na mwenye kampeni ya afya, au mwenye sabuni ya kuuza, atapenda sana kujua. Lakini Falk mwenyewe na wenzake, mwaka 2013, waliwauliza wanasayansi wenzao swali zito: bongo hizi tunazozipima ni za nani? Maana walio wengi wanaoingia katika mashine hizo ni wanafunzi wa vyuo vikuu vya nchi tajiri. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake wawili walikwisha kuandika kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa katika majarida makubwa ya saikolojia walitoka katika nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Na mwaka 2022 uchunguzi mkubwa uliotumia takwimu za watu karibu 50,000 ulionesha kwamba ukitaka kuoanisha umbo au kazi ya ubongo na tabia za watu kwa namna ya kuaminika, wahitajika maelfu ya watu, wakati utafiti wa kawaida ulikuwa ukitumia takriban 25.

Tuchukulie sasa kwamba mashine ile imeletwa kwetu, na wanaoingia ni watu wetu. Je, itabashiri watakavyotenda? Hapa tuna mfano wa jirani, na tunaomba msomaji atuvumilie tukae nao kidogo.

Mashariki ya jiji letu ipo wilaya ya Kongwa. Ni Kongwa ile ile ambako Waingereza walikuja na matrekta mwaka 1947, wakiwa na uhakika mkubwa juu ya karanga na mvua, wakaondoka na hasara. Kuanzia miaka ya 1980 watafiti wa macho, akiwamo Sheila West wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, walifanya kazi katika vijiji vya Kongwa juu ya trakoma, maradhi ya vikope ambayo, mtoto akiambukizwa mara kwa mara, humpofua ukubwani. Maradhi hayo huenezwa kwa vidole, nguo na nzi wanaotua katika nyuso zenye tongotongo na kamasi. Dawa ipo, lakini uso usipooshwa maambukizi hurudi. Basi swali lao lilikuwa la mwenendo mtupu: mama huyu ataosha uso wa mwanawe, au hataosha?

Mtu wa mbali angejibu haraka: hataosha, kwa kuwa maji hayapo. Uwanda wa Ugogo ni mkame, kila mtu anajua. Lakini watafiti walipohesabu, kiasi cha maji kinachoingia nyumbani peke yake hakikutosha kueleza ni mtoto yupi ana uso safi. Ilibidi wakae na watu na kuuliza maji yale yakishafika yanagawanywaje, na kwa idhini ya nani. Wakagundua mambo ambayo hayamo katika kichwa cha mtu mmoja. Wengi walidhani kuosha uso wa mtoto kunakula maji mengi kuliko ukweli wake. Muda wa mama una wenyewe wanaoudai. Mume ana neno lake. Majirani nao wana neno lao, maana mama anayeanza peke yake kuwaosha watoto nyuso mara kwa mara, wakati ndoo imesafiri mwendo mrefu, ataulizwa anajifanya nani.

Walichofanya baadaye ni kuitisha kijiji kizima, wanaume na wanawake, waganga na walimu, na kuonesha hadharani jinsi lita moja ya maji inavyoosha nyuso nyingi. Sisi Waislamu tungepaswa kuwa wa mwisho kulistaajabia jambo hilo, kwani imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) akitawadha kwa mudi moja ya maji, kiasi kisichofika lita. (Atakayepita kwenye bomba la msikiti wowote wa mjini wakati wa adhuhuri ataona tulivyoisahau mudi hiyo, lakini hayo ni ya siku nyingine.) Matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Katika vijiji sita, vyote vilipewa dawa ya macho, na vitatu vikaongezewa kampeni hiyo ya nyuso. Katika vitatu hivyo watoto walizidi kuonekana na nyuso safi, na wale ambao nyuso zao ziliendelea kuwa safi walipungukiwa na trakoma kali.

Sasa mfikirie mama yule wa Kongwa akiwa amelala katika mashine ya Los Angeles, akisikiliza maelezo juu ya macho ya mwanawe. Sehemu ya mbele ya ubongo wake ingewaka kama taa, wala hatuna shaka, ni mama. Na kesho yake asingemwosha mtoto. Mkazi wa Los Angeles akishawishika kujipaka mafuta, mafuta yako bafuni na hakuna wa kumwuliza. Ule utabiri wa wiki moja ulifaa kwa sababu baina ya kichwa cha mtu na tendo lake hapakuwa na punda, kisima, mume wala jirani. Mashine ilipima kichwa; mengine yote yaliachwa kwa kuwa huko hayakuwa na uzito. Huku kwetu hayo mengine ndiyo tendo lenyewe.

Kaskazini zaidi katika uwanda huu wa kati, kando ya Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe, ambao watafiti wa dunia nzima wamewazoea kama sisi tulivyozoea upepo wa Dodoma. Frank Marlowe, aliyeishi nao kwa vipindi vingi, aliwapa mchezo unaotumika sehemu nyingi: mtu hupewa fedha, naye huamua amgawie kiasi gani mwenzake asiyemjua ni nani. Wahadzabe walitoa kidogo kuliko jamii nyingi zilizopimwa. Mwenye kusoma matokeo hayo peke yake angesema hawa ni wachoyo. Ni watu hao hao ambao mnyama mkubwa akiuawa nyama yake hugawanywa kambi nzima, leo na kesho. Katika kambi kila jicho linakiona kipande cha nyama, na kila mdomo una haki ya kukiomba. Katika mchezo wa siri hakuna jicho wala mdomo. Ubongo ni ule ule, na mikono ni ile ile.

Wako watakaosema kwamba elimu hii ni changa, tuipe muda itakomaa. Kwa Afrika Mashariki si changa kiasi hicho. Katika miaka ya 1930, daktari F. W. Vint wa maabara ya serikali ya kikoloni mjini Nairobi aliipima bongo 100 za Waafrika waliokufa, uzito wake na unene wa tabaka lake la juu, akailinganisha na vipimo vya Ulaya. Alihitimisha kwamba akili ya mtu mzima wa Kenya imefikia kiwango cha mtoto wa Kizungu wa miaka saba au minane. Hakuuliza watu wale walikula nini utotoni wala walikufa kwa maradhi gani. Akafuata J. C. Carothers, aliyeiongoza hospitali ya akili ya Mathari tangu mwaka 1938. Katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa mishipa ya ubongo wa mbele. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ilimtaka aeleze kwa nini Wakikuyu wameasi, naye akaandika kijitabu juu ya saikolojia ya Mau Mau. Ardhi iliyochukuliwa ilikuwa wazi kwa kila mwenye macho. Yeye alitafuta jibu katika vichwa vya walionyang'anywa, na ushauri wake ukaunga mkono watu kuhamishiwa katika vijiji vya kulindwa.

Vint na Carothers hawakuwa na MRI. Walikuwa na mizani, kisu na hadubini, vifaa vya kisasa kwa wakati wao, na vipimo vyao viliaminiwa kwa sababu vilikuwa namba.

Karibu nasi zaidi kwa wakati, mwaka 2008, mahakama moja ya Pune, India, ilimtia hatiani mwanamke kwa kosa la kuua, na miongoni mwa ushahidi ulikuwamo mtambo wa kupima umeme wa ubongo kwa nyaya zilizobandikwa kichwani, uliodaiwa kuonesha kwamba alikuwa na kumbukumbu ya tendo. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba haifai kumlazimisha mtu kufanyiwa vipimo vya namna hiyo. Hapa Dodoma, mahakama ikitia shaka juu ya akili ya mshitakiwa humpeleka Isanga, penye wagonjwa wa kisheria, chini ya Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe. Huko huwekwa chini ya uangalizi kwa wiki kadhaa: analala vipi, anakula vipi, anaongea nini na nani. Ni kazi ya polepole, wala haina rangi nyekundu na manjano. Lakini inamtazama mtu akiwa miongoni mwa watu.

Hapa tuna neno na baadhi ya wahadhiri wetu. Imekuwa kawaida kusikia katika mihadhara kwamba sayansi imethibitisha kuwa sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo ya uongo, na kwamba ndiyo maana katika Suratul Alaq utosi wa mbele umetajwa kwa uongo na makosa. Tunaamini kila neno la Qur'ani, na ndiyo sababu hatupendi ifungwe kwenye picha. Sehemu hiyo hufanya kazi mtu anaposema uongo, ni kweli. Hufanya kazi pia anapopiga hesabu, anapojizuia na hasira, anapopanga safari na anapojaribu kukumbuka alikoachia kanzu. Kuiona ikiwaka hakukuambii ni lipi kati ya hayo. Leo mhadhiri anaishangilia picha. Kesho watafiti wakibadilisha kauli, kijana aliyejengwa juu ya picha hiyo atashika nini?

Wasomaji wanakijua kisa cha Usama bin Zaid (r.a.), aliyemuua vitani mtu aliyekwisha kutamka shahada, akajitetea kwamba alitamka kwa kuogopa silaha tu. Mtume (s.a.w.) alimkemea mara kwa mara, akimuuliza kama aliupasua moyo wa mtu yule hata akajua. Wanavyuoni wamechukua humo kwamba watu wahukumiwe kwa yanayodhihiri, na ya ndani aachiwe Mwenyezi Mungu. Mtoto wa miaka 13 ambaye hajatenda bado hilo linalobashiriwa hana hata la kudhihiri.

Turudi kwa dada yetu aliyetuandikia. Hakuna picha inayoweza kukuambia mwanao atakuwa nani, na atakayekuuzia picha kwa ahadi hiyo usimlipe. Wapo watoto ambao ukali wao unatokana na maradhi, na hao wana haki ya kupimwa. Mwone kwanza daktari wa kawaida, na kabla ya kwenda chukua daftari uandike. Mabadiliko yalianza mwezi gani? Aliwahi kuanguka akapoteza fahamu, kupata ajali ya bodaboda, au kuugua malaria kali ya kichwani au homa ya uti wa mgongo? Kuna nyakati anakodoa macho, asisikie akiitwa, kisha akarudi kama aliyetoka usingizini? Analalamika kichwa asubuhi, anatapika, haoni au hasikii vizuri? Ukipata dalili hizo daktari ataamua mwenyewe kama picha inahitajika, na usiogope hata akikuelekeza Mirembe. Jina hilo limegeuzwa tusi na watu wasiojua kazi inayofanyika pale tangu mwaka 1927.

Katika ukurasa wa pili wa daftari andika mengine. Nani amehama au kufariki nyumbani tangu mwaka jana. Analala saa ngapi, na chumba kimoja na nani. Vitu anavyochukua ni vya kula, vya kuchezea, au fedha, na anazipeleka wapi. Anapigana na nani hasa, na yuko nani mkubwa kuliko yeye anayemtisha njiani au madrasa. Umetuandikia kurasa tatu, dada, na ndani yake umemtaja baba wa mtoto mara moja tu, kwamba yuko machimboni Geita tangu Ramadhani iliyopita. Anza hapo.